Buni, Samli na Kliniki ya Kuacha Sigara

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya afya ya jamii hapa Garsen mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiwashawishi wavutaji sigara waje kliniki wasaidiwe kuacha. Nimekubali kwa sababu mliniomba mbele ya watu, na mimi mbele ya watu siwezi kusema hapana. Hata ndiyo siwezi kuisema vizuri. Niliinamisha kichwa, mkapiga makofi, mambo yakaisha hapo.

Naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la nane huko kwetu Hewani, na kalamu yangu hutembea kama punda aliyebeba maji. Itafika, ila msiiharakishe.

Kazi yenyewe niliipata mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya yale mafuriko makubwa kukauka. Kwenye kituo cha afya tulikuwa na Daktari Kazungu. Yeye alitaka kijana anayejua Kipokomo na Kiorma, maana wavutaji wengi waliokohoa mbele yake walikuwa wafugaji. Kipokomo nilizaliwa nacho, sisi ni watu wa mtoni. Kiorma nilikiokota sokoni nikimsaidia mama kuuza ndizi. Msidhani alinichagua kwa ulimi wangu. Siku hiyo tulikuwa wasichana na wavulana wengi, na kila aliyeulizwa alitaka kwanza kujua mshahara. Mimi sikuuliza kitu, kwa haya tu. Daktari akasema, "Huyu Esta ana moyo wa kujitolea." Nikaanza kujitolea hivyo hivyo, kwa kushindwa kufungua mdomo.

Kliniki ya kuacha sigara haikuwa kitu kikubwa. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti na dirisha lisilofungika. Ilifunguliwa siku ya mnada wa ng'ombe, kwa sababu siku hiyo wanaume walikuwa mjini. Dawa za kumwachisha mtu sigara hatukuwa nazo. Mtu alikuja, daktari akamsikiliza kifua, wakaongea, wakapanga siku ya kuacha, kisha akarudi kila wiki kueleza amefika wapi na ameangukia wapi. Basi. Lakini aliyekuja na akaendelea kuja, mara nyingi alifanikiwa kuliko aliyeng'ang'ana peke yake nyumbani. Kwa hiyo kazi yangu mimi ilikuwa kuwafikisha watu kwenye ule mlango. Ya ndani yalikuwa ya daktari.

Siku ya kwanza kabisa nilianzia dukani, penye wavutaji. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje wakinunua sigara moja moja na kuziwashia kwenye kibatari cha mwenye duka. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilipofika, mwenye duka akaniuliza kwa sauti, "Ehe, dada, nikupe nini?" Benchi zima likageuka kunitazama. Maneno yote yakanitoka. Macho yangu yaliona sigara tu, na mdomo ukasema, "Sigara moja."

Akanipa. Nikalipa. Mmoja wa wale wanaume akaninyooshea kibatari kwa heshima kubwa. Nikasema asante, nikaondoka mbio, na ile sigara mkononi kama mshumaa wa kanisani. Sikuwa na mfuko wa kuitia, na kuitupa nilionea haya kwa kuwa nilikuwa nimeinunua. Hivyo ndivyo mji wa Garsen ulivyonifahamu. Kwa muda mrefu, nikipita, watoto walisema, "Yule pale, wa kuachisha watu sigara. Zake yeye huzificha."

Hata hivyo haya iliniletea faida moja, nami nawapa bure. Mvutaji amezoea kusemwa. Mkewe anamsema, shekhe anamsema, mchungaji anamsema. Ukifika na wewe na maneno, ameshajua utakapomalizia. Mimi nilikuwa nakaa kwenye mkeka, nasalimia, halafu maneno yananikwama. Nanyamaza. Mwenyeji naye ananyamaza. Kimya kikizidi, yeye ndiye anayechoka kwanza, anasema, "Haya, najua kilichokuleta. Nilianza nikiwa mdogo..." Na hapo ananieleza yote. Daktari alinisifu mbele ya wageni kwamba nina mbinu ya kusikiliza. Sikuwa na mbinu. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia.

Jambo la pili ni benchi. Chumba chetu kilipakana na chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu, na benchi lilikuwa moja. Ukimwona mtu pale nje, hujui amekuja kwa lipi, na Garsen mtu asipojua hujaza mwenyewe. Nilitembea maboma na vijiji, watu wakaniitikia vizuri, siku ya kliniki hakuna anayekuja. Nililia nikidhani ni mimi. Mwisho mama mmoja aliyekuwa akivuta kwa siri aliniambia, "Esta, nikikaa kwenye benchi lile leo, kesho hakuna atakayekunywa kwenye kikombe changu." Daktari akahamishia benchi letu nyuma, karibu na tangi la maji, mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kuonekana. Wiki iliyofuata walikuja. Basi kabla ya kumlaumu mtu kwamba hataki kuacha, nendeni mkakae kwenye benchi lenu wenyewe muone linatazamwa na nani.

Sasa nije kwenye Ramadhani, na mnicheke taratibu.

Mimi ni Mkristo wa Hewani. Nilijua majirani zangu Waislamu wanafunga, lakini nilidhani ni chakula na maji tu. Daktari aliniagiza nipite maboma ya Waorma niulize nani anavuta, ili tujue tuwaalike wangapi. Nikapita mchana, mwezi mzima. Kila mzee nikamuuliza kwa adabu, "Baba, unavuta sigara?" Kila mzee akanijibu, tena kwa ukali kidogo, "Astaghfirullah! Sivuti!" Ee Mungu, nilifurahi! Nilirudi kwa daktari nikamwambia watu wa maboma yale wameacha karibu wote, na nadhani ni kwa sababu ya zile ziara zangu za mwanzo. Naye ni Mgiriama aliyeokoka, hakufikiri mara mbili. Alinipa mkono.

Magharibi moja nilichelewa kurudi, nikapitia boma moja wakati wa futari. Adhana ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Kila mzee aliyenijibu "sivuti" alikuwa na tende kwenye mkono mmoja na sigara kwenye mwingine, na wengine tende walikuwa hawajaigusa. Moshi ulipanda pale kama wanachoma matofali. Mzee mmoja mrefu aliniona nimesimama mdomo wazi. Akaniita, "We msichana! Uliuliza mchana. Uliza sasa!" Boma zima likaangua kicheko.

Tangu siku hiyo sikumuuliza mtu tena "unavuta?" Nilimuuliza, "Ya mwisho umevuta saa ngapi?" Swali hilo halina mlango wa nyuma. Nanyi ulizeni hivyo.

Yule mzee mrefu ndiye Mzee Galgalo, na kwa sababu yake ndiyo nimeshika kalamu.

Baada ya Idi alikuja kliniki akichechemea. Hakuja kwetu, alikuja kutibiwa kidonda. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimekuwa cheusi, naye alisema ni mwiba. Daktari alikitazama muda mrefu, akauliza kuhusu sigara. Mzee akakasirika.

"Kidonda kiko mguuni," alisema. "Sigara naitia mdomoni. Wapi na wapi?"

"Mzee wangu," daktari akamwambia, "damu ndiyo inayolisha mguu. Sigara inaziba mishipa ya damu, na mguu unakufa kwa njaa. Kidole hiki kimekwisha, kitakatwa hospitali. Ukiacha sigara, mguu unaweza kubaki. Usipoacha, watakata kingine, halafu unyayo, halafu hapa." Akamgusa chini ya goti.

Mzee Galgalo aliutazama mguu wake. Mwanawe mkubwa alikuwa amehamia Bura kulima kwenye mashamba ya mifereji, na habari za ng'ombe hakutaka tena kuzisikia. Waliobaki walikuwa wadogo. Ng'ombe wote walimfuata yeye. Alitangulia mbele na fimbo yake begani, nao wakaja nyuma.

"Na ng'ombe atachunga nani?" akauliza.

"Hilo ndilo nakuuliza wewe," daktari akajibu.

Kidole kikakatwa. Aliporudi alianza kuja kwenye chumba chetu siku za mnada, amenuna, akikaa kwenye benchi la nyuma kama mtu aliyeburutwa na mkewe. Na kweli mkewe, Mama Amina, ndiye aliyekuwa akimsukuma. Alipunguza. Lakini kuacha kabisa alishindwa, na kidole cha pili kilianza kubadilika rangi. Daktari akamuuliza ni saa ngapi hamu inamzidi nguvu.

"Asubuhi," akasema. "Nikishakula buni."

Wageni wa Garsen wasioijua buni niwaeleze. Ni kahawa mbichi na maganda yake, inakaangwa kwenye samli hadi inapasuka, inaletwa kwenye bakuli la mti. Kwa Waorma hiyo si kitafunio tu. Mzee anaomba dua juu yake, watu wanatafuna, samli wanajipaka mikononi na usoni, na siku inafunguliwa kwa baraka. Mzee Galgalo alipomaliza hayo alijifuta mikono kwa kitambaa, akawasha sigara. Ilikuwa kama sehemu ya dua.

Daktari aliniambia, "Esta, fikiria namna ya kumsaidia na hiyo saa ya buni."

Nilifikiri. Laiti nisingefikiri! Nilikwenda bomani asubuhi, mzee akiwa hayupo, nikakusanya ujasiri wangu wote wa mwaka ule, nikamwambia Mama Amina moja kwa moja: aache kupika buni.

Alikuwa ameinama motoni. Akasimama taratibu na mwiko wake mkononi.

"Sema tena."

Sikuweza kusema tena.

"Umetumwa na nani wewe? Daktari amesema sigara au amesema nyumba yangu? Mgeni akija nimpe nini, maji ya mto? Mume wangu aombee nini asubuhi, majivu? Unataka watu waseme nyumba ya Galgalo imekufa kabla ya mwenyewe kufa?"

"Hapana, mama, mimi..."

"Toka! Na maziwa sikupi!"

Kunyimwa maziwa na Mama Amina si jambo dogo, aliwapa hata wakusanya ushuru. Kufikia jioni maboma yote yalikuwa na habari: msichana wa kliniki anapiga marufuku buni. Nilipopita, akina mama walifunika mabakuli. Mabaya zaidi, Mzee Galgalo hakuja siku ya mnada. Siku ya mnada iliyofuata hakuja tena. Mkewe aliyekuwa akimsukuma sasa alikuwa akimzuia.

Daktari hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kile kidole cha pili hakisubiri ugomvi wenu uishe." Nikaenda nje, nikakaa nyuma ya tangi. Nilijua kwamba mtu anapoteza mguu kwa sababu ya sentensi moja ambayo nilikuwa nimejivunia kuisema bila kugugumiza.

Nikarudi bomani. Njia nzima nilitunga maneno ya kuomba radhi kwa Kiorma, na mlangoni yakanitoka yote, kama kawaida. Nikakaa chini karibu na mlango. Mzee Galgalo alikuwa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. Mama Amina alinitazama, akaendelea kukaanga. Harufu ikajaa nyumba. Mzee akaomba dua yake. Kisha Mama Amina akaleta bakuli, akalisimamisha mbele yangu mimi kwanza.

"Kula," akasema. "Kisha uniambie niiache."

Nikala. Kwa hofu nilichota samli nyingi kuliko adabu. Ikanimwagikia vidoleni, viganjani, ikashuka hadi kwenye viwiko. Nikapaka usoni, ikabaki nyingi vile vile. Nikataka kutoa kwenye mkoba wangu kadi ya kliniki ya mzee, ile ya kumkumbusha siku, lakini kifungo cha mkoba kiliteleza. Nikajaribu tena, kikateleza. Nikashika kwa mikono miwili, mkoba wenyewe ukaruka ukaangukia kwenye mavi ya ndama. Nikauokota, ukaanguka tena. Sikuthubutu kuomba kitambaa.

Mama Amina alianza kwa kutabasamu, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Galgalo, mtazame! Mtoto wa mto anavua samaki nchi kavu!"

Mzee naye, aliyekwisha kula na kujipaka samli, akacheka, akanyoosha mkono achukue kitambaa ajifute, ili awashe sigara yake. Mama Amina akakoma kucheka. Aliutazama mkoba wangu, akaitazama mikono ya mumewe. Kisha akakiokota kile kitambaa, akakikalia.

"Kitambaa kiko wapi?" mzee akauliza.

"Kimepotea."

"Umekikalia!"

"Nimesema kimepotea."

Mzee akachukua kiberiti na mikono ile ile. Njiti ya kwanza ikamponyoka. Ya pili ikavunjika. Ya tatu alipoikwaruza, ubavu wa kiberiti ulikuwa umelowa samli, haukutoa hata cheche. Sigara yenyewe ilikuwa imelegea na kubadilika rangi. Akamtukana mwenye duka aliyeuza kiberiti. Akamtukana aliyetengeneza. Mimi akaniruka kwa heshima ya ugeni. Ndama wakaanza kulia, ng'ombe wakawa wanasukumana mlangoni mwa zizi. Akainuka kwa hasira, akachukua fimbo, akaenda kuwafungulia. Samli ilipokuja kukauka mikononi, alikuwa mbali na moto, na ile hamu, alitueleza baadaye, ilikuwa imekwenda zake bila kuaga.

Hilo ndilo daktari alilokuwa akiwaambia wavutaji kila wiki, kwamba hamu inakuja kama upepo na inapita ukiisubiri kidogo. Hatukuwa tumejua namna ya kumfanya mtu asubiri. Siku ya mnada Mzee Galgalo alirudi kwenye benchi, na safari hii Mama Amina alikuja naye ndani, akamweleza daktari kitambaa kilivyopotea. Daktari akauliza maswali mengi. Wakapanga siku ya kuacha kabisa. Mzee akaja kila wiki. Mara moja alikiri kwamba dalali wa ng'ombe alimpa sigara wakati wa kupatana bei naye akaivuta yote. Daktari hakumkaripia. Alimuuliza tu nini kilitangulia, wakapanga tena. Na siku hizo, ukimsikia mvutaji mwingine Garsen akisema, "Nangoja mikono ikauke," ujue amepitia chumba chetu.

Nilijaribu kumshauri mvuvi mmoja aliyetoka Kipini afanye hivyo hivyo na samli. Akaniambia kwao samli ni ya kupikia, na mkono wenye mafuta hauwezi kushika kamba ya mshipi. Nikajifunza kwamba dawa ya nyumba moja haihami na kwenda nyingine. Muulizeni kila mtu mikono yake inafanya nini saa ile anapoitamani sigara, na muwaulize na wanaoishi naye, lakini msiwaamrishe. Siku ya kwanza msindikizeni hadi mlangoni mwa kliniki. Msimpe karatasi tu na kumwambia aende, maana kutoka benchi hadi kwenye kiti cha daktari ni hatua chache zinazotisha.

Kidole cha pili hakikuwa cheusi zaidi. Daktari alikuwa anakibonyeza kila wiki, na mimi nasimama mlangoni nimeshika pumzi kama vile ni changu.

Kisha mvua za masika zikanyesha. Mvua ikinyesha wafugaji huondoka delta, huku mtoni kunakofurika, na kuingia bara kwenye majani mapya, na huko bara hapakuwa na kliniki wala benchi wala daktari wa kukiri mbele yake. Daktari alisema wazi kwamba akirudia kuvuta huko, mguu hautarudi Garsen. Nilikwenda kuwaaga. Nilikuwa na mashauri yote kichwani, na nilipofika nikasimama tu, nikikunja ncha ya leso yangu. Mzee Galgalo akanitazama juu ya mgongo wa punda aliyekuwa akimfunga mizigo.

"Najua," akasema. "Umeshasema."

Wakaenda. Kila aliyekuja kutoka bara miezi ile nilimuuliza habari zake, na kila mmoja alinipa habari yake: anavuta, havuti, amelazwa, ameoa mke wa pili. Wakati wa usiku sikulala vizuri. Nilijiona mjinga kumhofia mzee ambaye hata maziwa nyumbani kwake nilinyimwa.

Kiangazi kiliporudi, ng'ombe walianza kushuka tena kuelekea mtoni. Asubuhi moja nilikuwa kwenye njia ya kutoka kituoni, nikaona vumbi, na mbele ya vumbi mtu mrefu mwenye fimbo begani. Sasa, ninyi mnajua salamu za Waorma. Unauliza amani, unauliza watu, unauliza ng'ombe, mvua, maziwa, watoto, na mdogo ndiye anayeanza. Mimi nilisahau yote. Nilimkimbilia, nikasimama mbele yake, na bila hata kumtazama usoni nikainama nikatazama viatu vyake vya matairi, kimoja, halafu cha pili.

Ng'ombe wakasimama nyuma yake. Akapiga fimbo chini.

"Salamu kwanza, msichana," akasema. "Miguu imekuja yote miwili."